Sahani ya Majani kwa Jina Langu

Chumba 7214,
Melini, tukitoka Alaska kurudi Seattle.
Alhamisi, 13 Juni 2019.

Mpendwa shemeji Verlin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kaka yako Harlan, ingawa yeye hajui kwamba nakuandikia. Hujambo huko Bergen? Sunniva na mapacha hawajambo? Barua yako ya Pasaka ilifika salama pamoja na picha. Mama yenu ameibandika ile ya watoto wenye kofia za sufu kwenye mlango wa friji ya dukani, na kila anayekuja kununua nyama lazima aonyeshwe. Magoti yanamsumbua kama kawaida, lakini mdomo ni mzima kabisa. Mimi sijambo.

Kaka yako atakupigia simu Jumapili tukishafika nyumbani. Atakuambia kwamba bahari ilimchafua tumbo, akalazwa kidogo kwenye zahanati ya meli, na sasa ni mzima. Usimwamini. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Alikuwa anakufa, Verlin, na alikuwa radhi afe kuliko kusema neno moja mbele ya watu. Nakuandikia kwa sababu ana nia ya kurudia.

Hukuambiwa, basi nikuambie mimi. Mwaka juzi mwezi kama huu Harlan alikuwa anatengeneza ua wa malisho ya chini, akarudi na kupe wawili nyuma ya goti, wale wenye doa jeupe mgongoni. Unawajua, tulikuwa tunawang'oa kila siku tangu utotoni na kuwatupa motoni. Baada ya wiki kadhaa alikula chakula cha mchana cha Jumapili, paja la nguruwe tulilokausha wenyewe, na jioni akaanza kujikuna viganja hadi ngozi ikachubuka. Tukalaumu sabuni. Mara ya tatu alizimia kwenye banda la moshi, nikampeleka hospitali Springfield.

Daktari alisema kuumwa na yule kupe kumeugeuza mwili wake. Nyama ya ng'ombe, ya nguruwe, ya kulungu, yote ni sumu kwake sasa, na mafuta yake na mchuzi wake, na hata maziwa humsumbua. Na ubaya wa sumu hii ni kwamba haimpati mtu papo hapo. Inakaa saa tatu, nne, wakati mwingine sita, mtu amekwisha sahau alichokula, ndipo inampiga. Alitwambia pia kwamba huenda kila mara ikawa mbaya kuliko mara iliyotangulia.

Sasa fikiria. Mtoto mkubwa wa marehemu mzee Crider, ambaye kibao chake cha barabarani kimeandikwa na mkono wa baba yenu TUNAUZA TUNACHOKULA, naye hawezi kula hata ukoko wa sufuria. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata Mama. Tangu siku hiyo mimi ndiye ulimi wake. Ninaonja nyuma ya mlango, ninamwambia chumvi imezidi au moshi haujaingia vizuri, naye anatoka nje na kuwaambia wateja kama maneno yake. Mteja mmoja wa Arkansas aliniambia mume wangu ana ulimi wa ajabu. Nilimshukuru.

Mkutano wa chama cha wakausha nyama ndio uliotuleta huku. Kila mwaka huwa hotelini Kentucky au Tennessee, na mimi huegesha gari karibu na mlango. Mwaka huu mwenyekiti, Lowell Tackett, akaona wanachama wamechoka kutazamana kwenye hoteli zilezile, akakodi nafasi melini. Nilikataa. Melini hakuna gari mlangoni. Harlan akasema Crider asipoonekana watu watauliza sababu, na yeye hataki kuulizwa sababu.

Kabla ya safari walituletea fomu ya chakula. Mahali pa kuandika nani hali nini niliandika jina la Harlan. Aliichukua fomu, akaikunja, akaomba nyingine. "Andika lako," alisema. Nikaandika Nadine Crider, hali nyama, hali maziwa, hali chochote cha mnyama. Kuku na samaki vingeweza kumfaa, lakini hujui kikaango cha watu kimepikia nini, kwa hiyo tukaona bora majani matupu. Ndivyo nilivyokuwa mtu asiyekula nyama, mimi niliyelelewa kwa mafuta ya nguruwe.

Jikoni mwa meli hawamjui mtu, wanajua kiti. Mbele ya kiti changu kulikuwa na kadi nyekundu, na sahani iliyopikwa peke yake ilikuja pale. Mimi naonja kijiko kimoja, nakunja uso, nasema leo sijisikii. Harlan anaguna, "Lete hapa, chakula hakitupwi," ananivutia sahani yake yenye nyama na kuchukua yangu. Tulicheza mchezo huo mara tatu kwa siku. Jirani yetu wa meza, Orville Gentry wa Tennessee, alikuwa hoi kwa kicheko.

"Shemeji, mbuzi wangu nyumbani anakusalimia," aliniambia siku ya kwanza. "Anauliza kama umemwachia majani yoyote."

"Mwambie namsubiri tugawane," nilisema.

"Na wewe Harlan, mke akikushinda mezani atakushinda wapi tena? Kula nyama yako, bwana."

"Ana kichwa kigumu huyu," Harlan akajibu, huku akitafuna dengu zilizotakiwa ziwe zangu. "Nikimwachia atashinda njaa."

Watu wakamsifu kwa uvumilivu. Nilicheka nao, lakini sikufurahi, na nakuambia wazi kwamba kuna nyakati nilimchukia.

Siku ya pili niligundua kwamba sindano za dharura alizopewa na daktari hakuja nazo. Aliziacha kwenye gari, uwanja wa ndege. Nilipomuuliza alisema zinatuna mfukoni, watu wataona.

Mhudumu mkuu wa upande wetu ni mtu wa Bali, anaitwa Ketut, mpole na makini kupita kiasi. Kila baada ya chakula cha jioni alikuja na orodha ya kesho ili niweke alama, akiinama sikioni kwangu. "Mama, maharage ya kesho yana mafuta ya nguruwe. Yako nitasimamia sufuria mwenyewe." Nilitamani kumwambia ukweli, maana uangalifu wake wote ulikuwa unalinda kiti kisicho na mgonjwa.

Jumanne ilikuwa siku ya mashindano ya mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa. Nje ukungu ulikuwa umefunika milima yote, honi ya meli inalia kila baada ya dakika mbili, na barafu iliyokatika ikipita kando ya dirisha taratibu. Walikuwa wametuahidi kuona mto wa barafu na hatukuona hata kivuli. Kwenye ukumbi walitandika meza ndefu, mapaja kumi na manane yamepangwa bila majina. Harlan alikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Sikuhofu sana, kwa sababu unaijua kazi ile. Mwamuzi huchoma paja kwa kile kijiti cha chuma karibu na mfupa, akakichomoa, akanusa, basi. Pua haimdhuru, hilo tumelipima nyumbani mara nyingi.

Alinusa vizuri. Nilimwona amesimama kama baba yenu, jicho moja limefumba, na kusema kweli nilijivuna. Halafu mapaja mawili yakafungana kwa alama.

Kwa desturi mapaja yakifungana, mwenyekiti ndiye anayeonja kwa ulimi na kuamua. Lowell alisimama na kipaza sauti. Akasema mwaka huu angependa kutoa heshima hiyo kwa mtoto wa marehemu mzee Crider, aliyekuwa mwamuzi mkuu miaka kumi na mmoja. Watu themanini wakapiga makofi. Wakamkatia vipande viwili, vyembamba, kila kimoja na ukingo wa mafuta.

Harlan alinitazama. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilitikisa kichwa mara moja, na nusura nisimame. Angeweza kusema ana kidonda mdomoni. Angeweza kuonja na kutema kwenye leso, wengine hufanya hivyo. Alitafuna cha kwanza, akameza. Akanywa maji. Akatafuna cha pili, akameza. Kisha akanyoosha mkono kwenye namba saba, na ukumbi ukashangilia. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini mchana.

Sijawahi kuwa na mchana mrefu kama ule. Nilimwambia twende zahanati tuwaambie mapema, wakae tayari. Akasema nikienda hatanisamehe. "Ni vipande kama kucha, Nadine. Huenda mwili umeshasahau." Nilimuuliza mhudumu mmoja, kana kwamba ni udadisi tu, mgonjwa mahututi anatolewaje melini. Akasema huja helikopta, lakini kwa ukungu wa leo haiwezi kuruka, na bandari ni asubuhi. Alinijibu kwa tabasamu, akanipa na biskuti.

Tukakaa kwenye viti vya staha, blanketi miguuni. Saa nane hakuna kitu. Saa tisa hakuna kitu. Lowell na Orville wakaja kukaa nasi, wakapiga hadithi za baba yenu, na Harlan akacheka. Saa kumi nilianza hata mimi kuamini kwamba mwili umesahau. Saa kumi na nusu niliona amegeuza viganja na anavisugua kwenye blanketi, polepole, ili wenzake wasione.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mabaka yalimpanda shingoni, midomo ikavimba, akajaribu kusimama akaanguka juu ya meza ya vikombe. Lowell na Orville walimbeba hadi zahanati. Daktari wa meli ni mama wa Kifilipino, Dokta Villaruz, mdogo kwa umbo lakini sauti yake inasikika. Alifungua kompyuta akatafuta jina. Jina la Harlan halikuwa na kitu. Langu lilikuwa na mstari mwekundu.

"Mgonjwa hana mzio wowote?" aliniuliza. "Hapa nimeandikiwa wewe ndiye usiyekula nyama. Yeye ana ugonjwa wa moyo?"

Harlan alikuwa hawezi kusema. Lakini macho yalikuwa wazi, yamenikazia mimi, halafu yakaenda mlangoni ambako Lowell amesimama na kofia mkononi, halafu yakarudi kwangu. Akatikisa kichwa. Verlin, pumzi inamkatika na bado anatikisa kichwa nisiseme.

"Si mimi, ni yeye," nilisema. "Alikula paja la nguruwe saa saba kasoro. Aliumwa na kupe. Kila kitu nilichoandika kwenye ile fomu ni chake."

Alichomwa sindano, akachomwa nyingine, akawekewa dripu na hewa.  Nilipogeuka, Lowell hakuwepo mlangoni. Dokta Villaruz alisema baadaye kwamba kama angeanza na moyo, hata dakika kumi, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akasema pia kwamba mwili huu haupaswi kupewa nafasi nyingine ya kujaribu.

Sauti yake iliporudi niliinama nisikie. Nilidhani ataniomba maji.

"Umenimaliza," alisema.

Hayo ndiyo maneno pekee aliyonipa siku ile. Nililia, sikufichi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, nimekula nyama yake na kumeza kejeli zake, na hayo ndiyo malipo.

Jana asubuhi Ketut alinikuta nje ya zahanati. Uso wake ulikuwa umepauka. Daktari alimwagiza ahamishe kadi nyekundu kutoka kiti changu kwenda cha Harlan, akahamisha. Lakini alikuwa ameshika karatasi nyingine.

"Mama, nisamehe nikuulize jambo. Kwenye kundi lenu wake saba hawali nyama. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne, sijaona. Tena nikipita mezani naona wake ndio wanaotafuna nyama, na waume wana majani. Nilidhani ni mapenzi." Akanipa ile karatasi niisome. "Niambie kadi zipi ni za kweli. Mimi naogopa sasa."

La kwanza kwenye orodha lilikuwa jina langu. La pili lilikuwa Imogene Tackett, mke wa Lowell.

Nilisimama pale na karatasi ile. Nikamkumbuka Lowell na kipaza sauti, anavyotoa heshima. Kazi ya kuonja ilikuwa yake. Sijui kama alijua anampa Harlan kitu gani. Nadhani alijua tu kile alichokuwa anakikwepa yeye.

Nilikwenda ukumbini wakati wa chakula cha mchana, nikasimama mlangoni kuwatazama. Ketut hakukosea. Meza moja baada ya nyingine, wanawake wa umri wangu wanatafuna nyama haraka haraka bila hamu, na waume zao wanawacheka kwa kuwa hawawezi kushikilia mlo wao wa majani. Imogene aliniona. Alinifuata hadi kwenye korido, bado anameza.

"Harlan hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Lowell ana muda gani na hali hii?"

Aliangalia zulia. "Miaka minne. Usiseme, Nadine, nakuomba. Yeye ni mwenyekiti."

"Kwa hiyo wa kufa aliyechaguliwa ni wangu."

"Usiseme hivyo."

"Kaulize zahanati wana sindano ngapi zilizobaki," nilimwambia, nikaondoka. Nilikuwa na hasira ya kuweza kumpiga kofi, na bado nilitaka kumkumbatia. Sikujua nimwambie nini Ketut. Nilimwambia zote saba azichukulie kuwa za kweli, na za waume. Alisema hawezi kuhamisha kadi bila abiria mwenyewe kuomba, lakini tangu jana kundi letu zima tunapikiwa kwa mafuta ya mahindi, na hakuna aliyelalamika.

Nilimweleza Harlan yote. Nilidhani nimemletea dawa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nawasingizia waume za watu ili nijisafishe. Leo amekwenda mezani peke yake. Aliitoa ile kadi nyekundu mbele ya kiti chake akaiweka mfukoni, Orville akamuuliza hali, akajibu ni bahari. Lowell alikuwa amekaa meza ya pili. Alisikia, akaendelea kukata majani yake.

Na mwezi wa nane ni maonyesho ya jimbo. Wamemwomba awe mwamuzi tena, na amekubali. Anasema safari hii atakuwa na sindano mfukoni. Mimi hatanichukua.

Kwangu hasikii tena, shemeji. Ninachosema mimi sasa ni maneno ya mwanamke aliyemwaibisha. Itabidi asikie kwa mwanamume, tena Crider, mtu aliyelelewa kwenye moshi uleule na kung'olewa kupe na mikono ileile. Akipiga Jumapili usimwache amalize hadithi ya bahari. Nakuomba.

Wasalimie mapacha, waambie mama yao mkubwa Nadine anawaletea mawe ya Alaska kwenye bahasha. Mama angekusalimia kama angejua naandika.

Msalimie sana na Sunniva. Naona haya kumtaja. Ulipoandika mwaka wenu wa kwanza huko kwamba mmeacha nyama nyumbani, kwamba ni yeye hataki hata kuinusa na wewe umeridhia kwa ajili ya amani, Harlan aliisoma barua kwa sauti dukani, na tulicheka, mimi na Mama na yeye. Tumemcheka yule binti miaka minane. Kama ni kweli ni yeye, mwombee radhi kwangu. Kama si yeye, Verlin, mpigie kaka yako, usingoje Jumapili.

Mungu awalinde nyote, akulinde na wewe katika kila unachokaribishwa.

Wako akupendaye,
shemeji yako,
Nadine